Akili mnemba kwenye kazi za kila siku hapa Dodoma: kazi ipi uipe, ipi usiipe, na namna ya kukagua

Karani_Mtumba

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaotumia ChatGPT, Gemini, Claude na nyingine za aina hiyo kwa kazi za kawaida: barua, muhtasari wa kikao, hesabu za kikundi, maswali ya mtihani, ushauri wa shamba, kusoma nyaraka ndefu. Mijadala mingi ya AI inaishia kwenye "itachukua ajira" au "ni uongo mtupu", na mtu mwenye kazi ya kukabidhi kesho asubuhi anaondoka mikono mitupu. Hapa tuiweke kazi yenyewe mezani, tuseme inafanywaje, inaharibika wapi na kwa nini.

Msimamo wangu ni huu. Programu hizi ni hodari kwa kitu ulichozipa mwenyewe, na ni dhaifu kwa kitu unachotaka zikuletee. Ukibandika maandishi yako ya ovyoovyo ukasema "panga", zinapanga vizuri. Ukiuliza "ada ya kibali fulani ni kiasi gani", zinajibu kwa kujiamini kulekule hata pale zisipojua. Modeli ya lugha, yaani injini iliyo ndani ya programu hizi, haina daftari la ukweli inalofungua. Imesoma maandishi mengi mno na kujifunza kukadiria kipande kipi cha maneno kinafuata, kimoja baada ya kingine. Jibu sahihi na jibu la kubuni yanatoka kwa njia moja, kwa hiyo sura yake haikusaidii kuyatofautisha.

Na Kiswahili ni sehemu ndogo ya ilichosoma. Ndani ya Kiswahili hicho, habari za Dodoma, Singida au Manyoni ni chache zaidi. Panapopungua, inajazia kilicho karibu.

Mfano ni likizo. Uliza kwa Kiswahili, bila kutaja nchi, mfanyakazi ana haki ya siku ngapi za likizo ya mwaka. Unaweza kupewa 21, na hiyo ni namba ya Kenya, tena ya siku za kazi. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku 28 mfululizo. Uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba ana siku 3. Kenya ni miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Mtu akienda kwa mwajiri na namba za jirani anashindwa hoja asubuhi na mapema.

Kwa hiyo kila swali la sheria, kodi au utaratibu: taja "Tanzania Bara", taja jina la sheria, na ikiwezekana bandika kifungu chenyewe. Ukishabandika, swali linabadilika kutoka "sheria inasemaje" kuwa "hiki nilichokupa kinasemaje", na hapo ndipo inafanya kazi ya maana.

Karibuni.

Nkuhungu_Kwetu

Mkuu asante kwa uzi. Lakini siku hizi zinatafuta mtandaoni zenyewe. Hilo tatizo la kubuni si limeisha?

Karani_Mtumba

Limepungua, halijaisha. Ikitafuta, inaleta kurasa inazozipata, na kurasa zinazopatikana kirahisi si lazima ziwe zetu wala za mwaka huu. Mambo ya kodi ndiyo mabaya zaidi: Sheria ya Fedha inapitishwa kila mwaka na viwango vipya huanza Julai 1. Ukurasa wa miaka mitatu nyuma bado upo mtandaoni na unasomeka vizuri tu.

Fanya hivi: iambie itoe kiungo cha kila dai, ukifungue mwenyewe, uangalie vitu viwili, tarehe na nchi. Kiungo kisichofunguka, au kinachofunguka lakini sentensi haimo, dai lake litupe. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo ChatGPT ilizibuni, zikiwa na majina na namba kamili. Kilichowaponza ni kutofungua kesi hizo kabla ya kuzipeleka.

Mweka_Hazina_Kizota

Wakuu, niongezee upande wa vikundi, maana VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, ndiko kwenye kazi nyingi za karatasi mtaani.

Muhtasari wa kikao. Mpe katibu aandike kwa mkono kama kawaida, kisha zile nukta zichapwe kwenye simu na kubandikwa. Agizo liwe hivi:

"Panga maandishi haya yawe muhtasari wa kikao: mahudhurio, ajenda kwa namba, mjadala, maazimio, mhusika na tarehe ya utekelezaji. Usiongeze azimio lolote ambalo halimo. Jambo ambalo halikuamuliwa liandike: halikuamuliwa."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazookoa. Bila hizo modeli inapenda kufunga kila mjadala. Mfano, katibu ameandika: "Faini ya kuchelewa, mjadala mrefu, wengine wanataka 1,000 wengine 2,000, tutarudi." Muhtasari unatoka: "Wajumbe waliazimia kwa kauli moja kuwa faini ya kuchelewa iwe TSh 2,000." Ukisainiwa na mwenyekiti, huo ni ugomvi wa kikundi kwa miezi. Soma sehemu ya maazimio mstari kwa mstari ukilinganisha na daftari, hata kama kwingine utapitisha jicho tu.

Hesabu. Hapa niseme wazi: usiitumie kugawa hela. Iagize ikutengenezee fomula, hesabu ifanywe na Excel au Google Sheets. Modeli inakadiria tarakimu kama inavyokadiria maneno. Kuzidisha namba ndogo inapatia, ila ukiipa orodha ya wanachama 25 wenye hisa tofauti, mmoja au wawili watatoka na namba inayofanana na ukweli lakini siyo. Baadhi ya programu siku hizi zina kikokotoo ndani yake, ila kwa kusoma jibu peke yake huwezi kujua kama kimetumika.

Mfano wa mgao: hisa moja TSh 5,000, hisa zote 1,840, kwa hiyo akiba ni 9,200,000. Faida ya mikopo na faini ni 1,472,000. Faida kwa hisa ni 1,472,000 gawanya kwa 1,840, sawa na 800. Kila hisa inarudi na 5,800. Mwenye hisa 96 anapata 556,800.

Kwenye jedwali weka hisa za mwanachama safu ya C kuanzia C2, jumla ya hisa F1, faida F2. Kisha D2 uandike:

=C2*(5000+$F$2/$F$1)

ukaiburute hadi chini. Zile alama za dola usiziache, bila hizo fomula inahama kila ukishuka mstari na kugawa kwa seli tupu. Mwisho jumlisha safu ya D. Lazima ipatikane 10,672,000, yaani akiba na faida kwa pamoja. Ikipungua hata shilingi, usigawe.

Mratibu_Ipagala

Nakazia hapo, na niongeze saa. Hii inawaumiza watu kimyakimya.

Ukiandika "kikao saa 3 asubuhi Alhamisi" ukaomba iweke kwenye kalenda au iandike mwaliko wa Kiingereza, unaweza kukuta 3:00 alfajiri ya kizungu. Sahihi ni 09:00. "Saa 10 jioni" ni 16:00, siyo 22:00. Kanuni ni kujumlisha au kutoa 6, lakini modeli haiikumbuki kila mara, hasa ukiwa na ratiba ndefu: mistari ya mwanzo inapatia, ya katikati inateleza.

Kubwa kuliko hiyo ni usiku. "Basi linaondoka usiku wa kuamkia Jumatano saa 5" maana yake ni Jumanne 23:00. Ikisomwa vibaya inawekwa Jumatano 23:00, abiria anafika stendi siku nzima baada ya basi kuondoka. Ukisema "saa 6 usiku" ndiyo kabisa, maana kwa saa 24 hiyo ni 00:00 na tarehe inabadilika hapohapo.

Dawa yake ni kuandika zote mbili mwenyewe kabla ya kubandika: "saa 3:00 asubuhi, yaani 09:00". Kwenye agizo ongeza: "Usibadilishe saa yoyote, inakili ilivyo."

Nkuhungu_Kwetu

Hii ya kuamkia Jumatano sikuifikiria kabisa. Na kilimo je? Vijana wengi wanauliza AI kuhusu alizeti na zabibu.

Mzabibu_Hombolo

Kilimo ndiko ninakoogopa zaidi, mkuu, maana kosa la barua linafutwa, kosa la msimu unalila mwaka mzima.

Anza na mvua. Uliza "nipande mahindi lini Tanzania" na unaweza kupewa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Hiyo ni kalenda ya pwani na kaskazini. Kanda ya kati ina msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingi kuna ukavu katikati, hasa Februari. Mtu wa Bahi au Chamwino akisubiri Machi apande, mvua inamwacha zao likiwa bado changa. Kwa hiyo utabiri wa msimu uchukue Mamlaka ya Hali ya Hewa, ubandike, ndipo uulize.

Zabibu ni mbaya zaidi. Maandishi mengi ya zabibu duniani ni ya Ulaya na California, ambako mzabibu unalala majira ya baridi, unapogolewa mara moja na kuvunwa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Hapa ratiba inaongozwa na mkasi: ukipogoa na kumwagilia, unaanza upya, ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ukiiuliza AI kwa mkato itakupa ushauri mzuri sana wa shamba ambalo si lako. Kwa aina za miche na ratiba ya kupogoa, nenda TARI Makutupora (kituo cha utafiti wa kilimo) au kwa afisa ugani wa kata.

Sasa dawa. Usikubali kipimo cha kiuatilifu kutoka kwa modeli. Kipimo ni cha lebo, na lebo hutofautiana kwa nguvu ya dawa hata kama kiambato ni kilekile. Modeli pia inaweza kutaja dawa isiyosajiliwa nchini, na wenye orodha ya zilizosajiliwa ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kitu inachofaa kukusaidia ni kusoma lebo ya Kiingereza na kukuwekea hatua kwa Kiswahili, pamoja na kubadili kipimo: lebo ikisema ml 50 kwa lita 20, na bomba lako la mgongoni ni lita 16, unaweka ml 40. Hesabu hiyo irudie kwa kikokotoo: 50 gawanya kwa 20, zidisha kwa 16.

Salfa ya ubwiri unga (ule ukungu mweupe kama unga kwenye zabibu) ina mtego wake. Ukipuliza kwenye joto kali, juu ya nyuzi 30 hivi, inaunguza majani na vichala. Jibu la jumla linaweza kusema tu "puliza kila baada ya siku kadhaa", wakati mchana wa Oktoba Dodoma joto hufika hapo. Puliza asubuhi mapema au jioni.

Inapofaa kabisa: nafasi na idadi ya mbegu. Alizeti sentimita 75 kwa 30 ni mita za mraba 0.225 kwa mche. Ekari ni mita za mraba 4,047. Gawanya, unapata karibu miche 18,000. Iambie ikuonyeshe hatua zote, usikubali namba ya mwisho peke yake. Ikichanganya ekari na hekta, hekta moja ni ekari 2.47, utaigundua kwenye hatua.

Mwl_Chamwino

Walimu wenzangu, sehemu yetu.

Kuomba "nitungie maswali 20 ya kuchagua ya Uraia na Maadili darasa la sita" ni kuita matatizo. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu 2024, na modeli imesoma vitabu na mitihani ya mtaala wa zamani kwa wingi. Itachanganya mada bila kukwambia. Bandika kurasa za kitabu au ukurasa wa muhtasari wa somo, kisha:

"Tunga maswali 20 kutoka kwenye maandishi haya tu. Kila swali machaguo manne. Chini ya kila swali nakili sentensi ya kitabu inayothibitisha jibu."

Sentensi ya kuthibitisha inakuokoa muda mwingi wa kukagua. Swali lisilo na sentensi, au lenye sentensi isiyomo kitabuni, linafutwa bila huruma.

Kasoro za kutafuta: jibu sahihi huwa refu kuliko mengine, na watoto wanaligundua haraka, majibu yanarundikana kwenye B na C, maswali mawili yanauliza kitu kimoja, na lile baya kuliko yote, machaguo mawili yote ni sahihi. Ili kulikamata, fungua mazungumzo mapya, bandika maswali bila majibu, iambie iyafanye kama mwanafunzi. Linganisha majibu yake na ufunguo wa mwanzo. Yanapopishana, kaa na kitabu ulitazame swali hilo wewe mwenyewe. Lazima yawe mazungumzo mapya, kwa sababu kwenye yaleyale inaona majibu iliyokwisha kutoa na inayatetea.

Michoro ya jiometri na ramani usiiombe. Pembe iliyoandikwa nyuzi 60 inachorwa 80, na mtoto mwenye kipimapembe ndiye anayeonekana amekosea.

Kusahihisha insha: ikupe maoni kuhusu mpangilio na tahajia, sawa. Alama weka mwenyewe. Insha ileile ukiibandika mara mbili inaweza kupata 14 na baadaye 11, na hakuna mzazi utakayemweleza hilo akaelewa.

Fundi_UDOM

Nieleze kwa nini Kiswahili kinaisumbua, kisha nijibu wanaouliza kuhusu kutumia bila intaneti.

Modeli haisomi herufi wala maneno mazima. Inakata maandishi vipande vipande, na vipande hivyo vilipangwa kufuata lugha zilizojaa kwenye data, hasa Kiingereza. Neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi ni kipande kimoja. "Hawatakupatia" linakatwa vipande kadhaa. Matokeo yake ni matatu. Kifurushi cha bure kinaisha haraka kwa Kiswahili. Waraka mrefu unajaza nafasi ya kumbukumbu mapema. Na kuhesabu herufi au silabi, kama kwa shairi la mizani 8 kwa 8, kunaishinda mara nyingi kwa sababu herufi zenyewe haizioni.

Kuhusu nyaraka ndefu: utafiti wa 2023 ulionyesha kwamba modeli hushika vizuri mwanzo na mwisho wa maandishi marefu kuliko katikati. Ripoti ya kurasa 80 usiibandike yote ukaomba muhtasari. Igawe kwa sura, omba muhtasari wa kila sura pamoja na namba ya ukurasa, kisha uunganishe.

Bila intaneti. Inawezekana kwenye kompyuta ya kawaida kwa programu ya bure kama Ollama. Modeli zenye uzito wazi, yaani unazoweza kupakua zikakaa kwako, zipo, kama Gemma ya Google na Llama ya Meta. Hesabu ya ukubwa: zikibanwa hadi biti 4, kila kigezo (moja ya namba ambazo modeli imejifunza) kinachukua nusu baiti. Vigezo bilioni 8 ni GB 4, na ziada kidogo, faili linafika karibu GB 5. RAM ya GB 8 inalibeba kwa shida, GB 16 ni raha. Kwa RAM ya GB 8 chukua ya bilioni 3 au 4, faili la GB 2 hadi 3. Pakua kwenye Wi-Fi, baada ya hapo huhitaji bando tena, na maandishi hayatoki kwenye mashine yako.

Gharama yake: bila kadi ya michoro inaandika polepole, na Kiswahili cha modeli ndogo kina mapengo. Ngeli zinavunjika ("kitabu yangu"), sentensi zinarudia. Zitumie kupanga orodha, kufupisha Kiingereza, kutafuta jambo ndani ya waraka. Barua ya Kiswahili ya kwenda ofisini usizipe.

Kigogo, Kirangi, Kinyaturu: usitegemee modeli yoyote, kubwa wala ndogo. Inatoa maneno ya Kibantu yenye sura ya kweli. Bango la afya la Kigogo liandikwe na mzungumzaji, asiwepo tu kama mkaguzi wa mwisho.

Mweka_Hazina_Kizota

Fundi, na kurekodi kikao kwa sauti halafu AI iandike?

Fundi_UDOM

Inafaa kama rasimu. Whisper ya OpenAI inasikia Kiswahili na inaweza kukaa kwenye kompyuta yako. Weka simu katikati ya meza juu ya kitambaa, kata rekodi vipande vya dakika 10. Kasoro inayojulikana ni kwamba kwenye ukimya au kelele inaweza kuandika sentensi ambazo hakuna aliyezisema. Sehemu yenye ukimya mrefu ifute kabla. Majina kama Nzuguni, Mvumi, Ihumwa yanaharibika, yarekebishe kwa tafuta-na-badili. Na waombe ruhusa wanakikundi kabla ya kubonyeza, sauti ya mtu ni taarifa yake.

Karani_Mtumba

Hapo kwenye ruhusa nisimame kidogo.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Ukibandika orodha ya wagonjwa, wanafunzi au wakopaji kwenye programu ya nje, umesafirisha taarifa za watu nje ya nchi bila wao kujua. Usione ni kazi ndogo kwa sababu umeifanya kwa simu.

Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo kuficha jina ukaacha NIDA hakusaidii. Ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money nao umebeba jina, namba ya simu na salio. Kabla ya kubandika, badilisha: M1, M2, M3 kwa majina, namba zifute. Orodha ya nani ni M1 ibaki kwenye daftari. Ikishapanga, rudisha majina mwenyewe. Kwenye ChatGPT ingia mipangilio, sehemu ya udhibiti wa data, uzime ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kuboresha modeli.

Na kuna swali la inbox kuhusu barua, nalijibu hapa liwafae wengi. Barua ya uhamisho ya mtumishi ukiiomba kwa mkato inakuja na salamu ndefu, sifa na shukrani, haina K.K. (kupitia kwa) ya mwajiri, na pengine ina S.L.P. ya kubuni. Tumia agizo hili:

"Andika barua rasmi ya mtumishi wa umma Tanzania. Anwani ya mwandishi juu kulia na tarehe chini yake. Mwandikiwa kushoto, kisha K.K. na cheo cha mwajiri. Ndugu. YAH: kwa herufi kubwa. Aya tatu fupi: ombi, sababu, viambatisho. Maneno yasizidi 150. Usibuni anwani, S.L.P., kumbukumbu namba wala kifungu cha sheria; pasipo na taarifa weka [JAZA]."

Kisha jaza kwa mkono, cheki namba (namba yako ya mtumishi kwenye mishahara) ikiwemo. Sababu ya kuhama iandike wewe mwenyewe kwa sentensi mbili kabla, AI iboreshe hizo tu. Afisa utumishi anasoma barua nyingi za namna hiyo, na zile zenye sababu ya jumla isiyomhusu mtu yeyote zinafanana zote.

Nkuhungu_Kwetu

La mwisho kwangu wakuu. Risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) kwa picha, duka la vifaa vya ujenzi, iwe jedwali la mwezi. Inawezekana?

Mweka_Hazina_Kizota

Inawezekana, na kuna njia ya kuikagua. Laza risiti kwenye meza, kivuli kisiiguse, picha moja risiti tatu au nne, si kumi. Punguza picha hadi KB 500 hivi, bando litakushukuru na maandishi bado yatasomeka. Omba safu hizi: tarehe, muuzaji, kiasi kabla ya kodi, kodi, jumla. Ongeza: "Tarakimu isiyosomeka andika ?, usikisie."

Kwa bidhaa za VAT ya asilimia 18, weka safu ya ukaguzi: jumla gawanya kwa 1.18 lazima irudishe kiasi kabla ya kodi. Jumla ya 118,000 inarudi 100,000 na kodi 18,000. Mstari usiokubali, rudi kwenye karatasi utazame 3 na 8, 1 na 7, 0 na 6, humo ndimo makosa yanamokaa. Bidhaa zilizosamehewa VAT ziweke jedwali lake, la sivyo ukaguzi utalia kila mstari. Na piga picha siku ileile unayopewa risiti, karatasi zile zikikaa juani kwenye dashibodi ya gari maandishi yanafifia na hakuna programu itakayoyarudisha.